Nani Anayekata Shauri? Vitabu vya Watoto na Historia ya Watu Weusi

Mhadhara uliotolewa Bagamoyo mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa mkekani hapa mbele, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya watoto na vijana vinavyosimulia historia ya watu weusi kwa visa vya safari na hatari. Nimekuja na swali moja, na nitalishikilia mpaka mwisho: ndani ya kitabu hicho, nani anayekata shauri? Kuwa na sura nyeusi kwenye jalada hakunitoshi. Kuonyeshwa minyororo na viboko, mateso ambayo ni kweli tupu, hakunitoshi pia. Nataka kujua, njia inapogawanyika na usiku unaingia, ni nani anayesema "tupite huku", na wenzake wakamfuata?

Tuanze na kisa kilichoishia hapa hapa mjini. Watoto wengi wa Bagamoyo wamepelekwa misheni wakaonyeshwa kanisa la zamani, wakaambiwa kwamba mwezi wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa pale. Ukiuliza nani aliuleta, jibu ni fupi: watumishi wake waaminifu. Basi, hadithi imekwisha kabla haijaanza.

Hebu tuianze upya. Ni tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mzungu amefariki usiku. Wamebaki watu wapatao sitini, wanaume kwa wanawake, mbali kabisa na pwani. Hakuna tena wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika palepale, wakagawana mali na kila mtu akashika njia yake, na nani angewalaumu? Kutembea na maiti katika nchi za watu ni jambo la kutisha. Kila mtawala wa njiani ana haki ya kuuliza, kudai faini, hata kuzuia msafara. Wakakaa kikao. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga huko Msumbiji, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, wakasimama kuwa viongozi. Shauri likakatwa: tunampeleka pwani.

Moyo wake wakauzika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, kijana mwingine wa Kiyao aliyesomeshwa shule ya Nasik kule India, akasoma sala ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye gome la mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa nguo na gome, wakaufunga kwenye mti na kuubeba mabegani.

Miezi ikapita. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakakutana na Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo. Jamani, hebu waoneni: mbele yao amesimama Mwingereza mwenye cheo, na maiti ni ya Mwingereza mwenzake. Wao wakasema hapana. Hapo ndipo mwandishi wa watoto anapotakiwa apunguze mwendo, aandike kurasa tano, kumi, atuonyeshe nyuso zao. Vitabu vingi hapo hupita kwa sentensi moja.

Na bado. Mbele yao, Kasekera, wenyeji wakakataa kabisa maiti ipite. Chuma na wenzake wakafanya hila. Wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga vizuri yakawa kama maiti iliyosafishwa kwa maziko, wakawapa baadhi ya wenzao wayabebe kurudi Unyanyembe, eti wamekubali kwenda kuzika. Usiku ulipoingia, wale wabebaji wakayafungua mabua, wakayatawanya porini mbalimbali, wakarudi kwa siri. Mwili wenyewe walikwisha ufunga upya ukaonekana kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa biashara. Wakapita nao.

Wanafunzi, nawaona mmenyamaza. Hiki ni kisa cha watu walioingia mjini mwenu baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,500, na mkikisoma vizuri hamtahitaji kuazima jasiri kutoka kwa mtu yeyote.

Sisi tulioanza kusoma zamani tulilelewa na hadithi za safari zilizofasiriwa. Mojawapo ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, ya Mwingereza Rider Haggard, iliyoingia katika Kiswahili miaka ya 1920. Kiswahili chake kilinoga, siwezi kukataa, na wengi kilitufundisha kupenda kusoma. Lakini leteni lile swali langu. Yumo Umbopa, mtu mweusi, mrefu, mwana wa mfalme. Hata yeye kurudi kwenye kiti cha baba yake kunapitia mikononi mwa wageni watatu waliokuja kumtafuta ndugu wa mmoja wao, aliyepotea akitafuta almasi. Wao ndio wanaosimulia, wao ndio wanaopanga. Mtoto akisoma vitabu kumi vya namna hiyo, anajifunza bila kufundishwa kwamba safari ni ya wengine, na wa kwake ni wa kubeba mizigo.

Weusi wenzetu wa Marekani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1920 W. E. B. Du Bois, pamoja na mhariri Jessie Fauset, alianzisha jarida la watoto lililoitwa The Brownies' Book, lenye hadithi, mashairi, picha na wasifu wa watu weusi waliotenda makubwa. Lilidumu miaka miwili tu. Mwaka 1965 mwalimu Nancy Larrick alichapisha makala baada ya kukagua vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa huko katika miaka mitatu. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au katika picha, vilikuwa 349. Katika kila vitabu mia, havikufika saba. Na hiyo ni nchi yenye mamilioni ya watoto weusi madarasani.

Mabadiliko yaliyokuja baadaye yaliletwa na waandishi waliokwenda kuchimba visa. Nitawapa kimoja, kwa kuwa mji huu unajua bahari. Robert Smalls alizaliwa mtumwa huko South Carolina mwaka 1839. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe alifanya kazi kwenye meli iliyoitwa Planter, katika bandari ya Charleston, akajua kila kina na kila mkondo. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, wakuu wa meli wakiwa wamelala nchi kavu, Smalls na mabaharia wenzake weusi waliiondoa gatini, wakapitia mahali kuwachukua wake na watoto. Walikuwa watu 16. Smalls alivaa kofia pana ya nahodha wake, akasimama kama anavyosimama yule nahodha, na kila walipofika chini ya mizinga ya ngome akapiga honi kwa ishara sahihi. Walinzi wakawaacha wapite. Walipofika mbele ya manowari za upande wa Kaskazini, uliokuwa ukipigana na Kusini ya wenye watumwa, wakapandisha shuka nyeupe. Miaka michache baadaye Smalls aliinunua nyumba ya bwana aliyekuwa akimmiliki, kisha akachaguliwa kuingia bungeni. Baharia yeyote wa hapa akisomewa kisa hicho ataelewa papo hapo ujuzi wa yule mtu ulikuwa wapi.

Na kisa chake na chetu vimeshonwa pamoja. Nguo iliyobebwa zaidi na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa merikani. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini kama Massachusetts, ikaletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Hapa ikapandishwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, miezi kwa miezi. Waliporudi walibeba pembe za ndovu, na nyingi zilisafirishwa mpaka Connecticut kutengenezewa vibonyezo vya piano. Mwandishi kijana anayenisikia, nakuomba: lifuate jora moja la nguo tangu shambani mpaka Ujiji. Msichana anayechuma pamba na mvulana anayejifunza upagazi hawatakutana hata siku moja, na msomaji peke yake ndiye atakayewajua wote wawili. Ningekinunua kitabu hicho leo.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi huniuliza, na lazima nilijibu hapa, katika mji huu kuliko mji mwingine. Tuwaambie watoto ukweli wa utumwa kwa kiasi gani? Waliowauza watu hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwemo wafanyabiashara wa pwani hii, watawala wa bara, na matajiri wa Unguja. Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye aliongoza misafara ya wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke, akamsaidia Stanley, mvumbuzi mwingine, akavuka bara na Cameron mpaka Bahari ya Atlantiki, alikamatwa utotoni kwao Uyaoni, akauzwa, akapelekwa India. Ukificha nani alimuuza, umemwibia mtoto nusu ya ushujaa wa Bombay. Mtoto wa miaka saba mwambie kwamba alichukuliwa kwa nguvu na alimlilia mama yake. Anaelewa, wala hahitaji damu. Wa miaka kumi na nne mpe soko, bei na majina ya biashara, maana tayari anaona dhuluma mitaani na anatafuta maneno ya kuielezea.

Nyinyi wa Bagamoyo pia mna mwandishi wenu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapa jirani, aliandika safari yake ya Udoe na Uzigua, akaandika kwa kirefu desturi za Waswahili, vikachapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Alifundisha Kiswahili chuoni Berlin. Akaoa Mjerumani, na alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka pamoja Dar es Salaam. Akageuka naye, wakarudi Ujerumani, na huko Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Kijana wa kidato cha pili anapaswa kumjua mtu huyu kama anavyowajua wachezaji wa mpira.

Namalizia na Halima. Alikuwa mpishi katika msafara wa Livingstone. Livingstone mwenyewe aliandika akimsifu kwa kazi, akaahidi kumkomboa na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Zaidi ya hapo daftari la Livingstone linasema machache. Je, tumwache? Mimi nasema tumwandike. Mpeni sauti, mpeni maneno katika kile kikao cha kwa Chitambo, mwacheni abishane na Susi juu ya chakula cha watu sitini. Ila mwisho wa kitabu, mahali ambapo wachapishaji wetu hupenda kuweka maswali ya "umejifunza nini", wekeni ukurasa unaomwambia mtoto waziwazi: haya yaliandikwa na watu waliokuwepo, na haya nimeyabuni mimi mwandishi. Uandikwe kwa herufi kubwa sawa na hadithi yenyewe, ausome.

Nawashukuru sana. Naona mikono imeshanyanyuliwa. Tuanze na wanafunzi wa mkekani.