Shi Dakai, jemadari aliyekwama Mto Dadu

Haya ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mei 1935 jeshi la Mao, yaani wakomunisti wa China, lilifika Mto Dadu, mkoa wa Sichuan, likikimbizwa, na Chiang Kai-shek, mtawala wa China aliyekuwa anawawinda, akajua wamekwisha hawa, wataishia kama Shi Dakai. Wao walivuka. Mimi leo naongelea yule ambaye hakuvuka.

Shi Dakai kazaliwa 1831 Guangxi, kusini kabisa mwa China, baba yake kafa mapema kwahiyo yeye bado kijana mdogo ndo analima na kulisha nyumba. Nchi iko chini ya Wamanchu, nasaba ya kifalme ya Qing, kodi juu, njaa, Waingereza washawapiga kwenye Vita ya Kasumba, yaani afyuni, watu wamechoka. Hapo ndo anatokea Hong Xiuquan, mwalimu wa kijijini aliyefeli mitihani ya serikali mara nne, anasema yeye ni mdogo wake Yesu, na msidhani walimpuuza, walimfuata maelfu kwa maelfu. Januari 1851 uasi wao dhidi ya Qing, uasi wa Taiping, ukaanza rasmi na Shi Dakai hajatimiza hata miaka 20, mwaka haujaisha Hong kashampa ufalme chini yake, Mfalme wa Bawa. Mwaka 1853 wakaichukua Nanjing ikawa makao yao.

Sasa hii ya Hukou naomba muione vizuri. Ni mwanzo wa 1855, Zeng Guofan anayeipigania Qing ana merikebu kubwa za mizinga, na pembeni mashua nyepesi za kuzilinda. Hukou ni pale Ziwa Poyang linapotoka kuingia Mto Yangtze. Shi Dakai akaziachia zile mashua zikaingia ziwani kwa kiherehere zikifukuza watu, zilipoisha kuingia akaziba mlango. Basi! Walinzi wako ndani, merikebu ziko nje, nzito, kugeuka shida, na usiku vimashua vyake vikaja na moto vikawa vinazichoma tu. Hata merikebu ya Zeng mwenyewe ilitekwa, akataka kujiua kwa aibu watu wake wakamzuia.

Mtu kama huyo unamshindaje? Mi nasema wenzake ndo walimmaliza, Qing walikuja kuokota tu. Septemba 1856 Wei Changhui, naye mfalme wa Taiping, alimuua mfalme mwenzao Yang Xiuqing na familia yake na wafuasi wake maelfu humohumo Nanjing. Shi Dakai akaja mbio kutoka vitani akamwambia umezidisha, kumbe na yeye yuko kwenye orodha, akatoroka usiku kwa kuruka ukuta wa mji. Familia yake ilibaki ndani. Wote waliuawa.

Na bado alirudi jamani! Hong alipomuua Wei akamwita aje aendeshe serikali, akaja, watu wakampenda, na kupendwa huko ndo kukamtia Hong wasiwasi, akawapandisha vyeo kaka zake wawili wamchunge. Mwaka 1857 akaondoka na jeshi lake, akazunguka mikoa na mikoa miaka sita bila kupata pa kutulia.

Mei 1863 ndo akafika Dadu. Mto ukajaa, machifu wa kule washahongwa na Qing wakafunga njia za milimani, chakula kikaisha wakachinja farasi, farasi wakaisha wakala majani. Wake zake walijitupa mtoni. Akaamua kwenda mwenyewe kambi ya adui, na mtoto wake mdogo wa kiume, ili askari wake waachiwe. Baadhi waliachiwa, ila 2,000 hivi wakauawa.

Liu Rong, ofisa wa Qing aliyekuwepo Shi Dakai akihojiwa, aliandika kwamba hakujikweza wala hakuomba huruma. Hukumu ilikuwa kukatwa nyama kidogokidogo mpaka ukate roho, mjini Chengdu, ana miaka 32. Inasimuliwa mwenzake aliyekuwa anakatwa naye alipopiga kelele, Shi Dakai alimgeukia akamwambia hata kitambo hiki kidogo huwezi kuvumilia?