Tuachieni Kona: Kuzunguka London kwa Skuta ya Umeme

(Mhadhara kwa wanajumuiya wa Afrika Mashariki, London Mashariki)

Assalaamu alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze namna mtu asiyeweza kutembea mwendo mrefu anavyozunguka jiji hili kwa skuta ya umeme. Siyo zile za vijana za kusimama. Nazungumzia hii ya kukalia, yenye usukani, kikapu mbele na betri chini ya kiti. Nitaeleza. Ila wanaonijua wanajua naanzia wapi: naanzia kwenye kona ya barabara, na siondoki hapo upesi.

Nyote mmepaona. Ukifika pa kuvukia, ukingo wa njia ya miguu umeshushwa hadi ukakaribia kulingana na lami, na chini vimetandikwa vigae vyenye vinundu. Vyekundu ni vya kivuko chenye taa au cha pundamilia. Kwingine huwa vya rangi ya mchanga. Vinundu ni vya asiyeona, avisikie kwa nyayo na kwa fimbo yake. Mshuko ni wangu mimi. Mwongozo wa serikali unataka tofauti ya kimo kati ya mshuko na lami isizidi milimita 6. Milimita 6, jamani! Na waliopima hivyo walijua wanachokifanya, maana magurudumu ya skuta ndogo ni madogo, na tumbo lake linakaribia kugusa ardhi. Ukingo ambao haukushushwa una sentimita 10, wakati mwingine 12. Ukijaribu kuupanda, chombo kinainua pua, kinakwama kwa tumbo juu ya zege, na magurudumu ya nyuma yanasaga hewa. Ukijaribu kuushuka kiubavu, kinalala, na wewe uko chini yake na betri zake zote.

Sasa njooni nami Ijumaa, saa saba kasorobo mchana, mtaa wa msikitini. Msinikunjie uso, nalisema kwa sababu ni kwetu. Natoka nyumbani mapema, njia ni nyeupe, nafika kona ya kwanza. Gari limeegeshwa sawasawa juu ya mshuko. Bampa iko juu ya vile vigae vyekundu, na kwenye kioo cha nyuma kuna kibandiko kizuri kabisa cha Mashaallah. Nifanye nini? Kushuka siwezi. Inanibidi nigeuze, nirudi nyuma nitafute nyumba yenye njia ya kuingizia gari, niteremkie hapo, halafu niende ndani ya barabara yenyewe, magari yananijia usoni, basi linapumua kisogoni, nami natembea maili 4 kwa saa. Nikifika ng'ambo naomba Mungu mshuko wa pili uwe wazi. Mara nyingi hauko wazi, kwa sababu aliyekosa nafasi upande huu ameikuta upande ule.

Nikimsubiri mwenye gari, ananiambia, "Mama, dakika kumi tu, nilikuwa naiwahi swala." Mwanangu, nami pia nilikuwa naiwahi. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondoa kero njiani. La chini kabisa! Sasa wewe unaiweka kero mwenyewe, unaifunga kwa rimoti, kisha unaingia safu ya mbele?

Kuna anayejibu, "Lakini hapakuwa na mstari wa njano." Hauhitajiki. Kuegesha mbele ya mshuko wa kuvukia ni kosa hata pasipo na mstari wala kibao, na halmashauri inaweza kukuandikia faini. Kupandisha gari juu ya njia ya miguu kumekatazwa London nzima tangu 1974, isipokuwa pale penye kibao kinachoruhusu. Mwenye kadi ya buluu, ile ya maegesho ya wenye ulemavu, naye hana ruhusa ya kuziba mshuko. Hilo naliambia hata wenzangu wenye ulemavu, kwa sababu wapo wanaodhani kadi ile inafungua kila kitu.

Mwingine anasema, "Ungetuita tu, tungekubeba." Nawashukuru kwa moyo, lakini sitaki kubebwa. Mimi na chombo pamoja tunapita kilo 100 kwa mbali, na nyinyi wenyewe migongo inawauma. Hata mngekuwa na nguvu za tembo, mtu mzima hataki kuinuliwa hewani mbele za watu kila anapotaka kuvuka barabara. Nimenunua chombo ili niende mwenyewe. Ondoeni gari, basi, imetosha.

Na siyo Ijumaa peke yake. Asubuhi ya taka, mapipa yamepangwa katikati ya njia. Baiskeli za kukodi za umeme zinaachwa zimelala palepale kwenye mshuko. Mwenye duka anasogeza masanduku ya ndizi na mihogo hadi nusu ya njia. Mkienda Green Street, mtaa wetu wa maduka, Jumamosi mtaniambia. Kila mmoja amechukua kipande kidogo tu, na vipande vyote vimeangukia kwangu.

Haya, mabasi. Mabasi ya kawaida ya London yote yana sakafu ya chini na daraja dogo linalotoka mlango wa katikati. Usidhani lilikuja kwa huruma. Miaka ya 1990 watu wenye ulemavu wa nchi hii walitoka wakajifunga kwa minyororo kwenye mabasi, polisi wakawabeba, kesho wakarudi. Sheria ya kwanza ya kuzuia ubaguzi dhidi yao ikapitishwa 1995. Anayekwambia "nyinyi mnalalamika sana" mwambie daraja lile analopandia na kigari cha mtoto lilitokana na malalamiko.

Skuta si kila moja inapanda basi. Inatakiwa ile ndogo, upana usizidi sentimita 60, urefu usizidi mita 1, iweze kugeuka mahali pafinyu. Mamlaka ya usafiri, TfL, inatoa kadi ya kuonyesha kwamba chombo chako kinakubalika, ili usibishane na dereva kwenye mvua. Ombeni kadi hiyo kabla ya safari ya kwanza. Ile kubwa, ya maili 8 kwa saa, ni ya barabarani. Isajilini DVLA, idara ya serikali inayosajili magari; leseni haitakiwi, na ikipanda njia ya miguu ishushwe hadi maili 4. Mtoto wako akikununulia kubwa kwa mapenzi, mshukuru, lakini basi umelikosa.

Ndani ya basi, nafasi kwa kawaida ni moja, na hapo tunakutana na vigari vya watoto. Bwana Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alikosa basi la kwenda Leeds mwaka 2012 kwa sababu mama mmoja hakutaka kusogeza kigari cha mwanawe. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Januari 2017 majaji wakasema haitoshi dereva kuomba mara moja kisha akaondoka zake. Afanye zaidi, hata kusimamisha basi kidogo mpaka mtu aone aibu. Dada zangu wenye watoto wachanga, nawapenda na wajukuu ninao. Kigari kikunjeni.

Treni nitapita haraka, naona mwenyekiti anatazama saa. Katika ramani ya Tube, treni za chini ya ardhi, tafuteni alama ya kiti cha magurudumu: ya buluu maana yake hakuna ngazi kutoka mtaani hadi ndani ya treni, nyeupe, hadi jukwaani tu, na baada ya hapo kuna pengo. Msichanganye. Njia ya treni ya Elizabeth line, iliyofunguliwa 2022, ina lifti au njia tambarare katika vituo vyote, na kwa wanaokwenda hospitali kule Whitechapel, imebadili maisha. Njia ya Jubilee kutoka Westminster hadi Stratford ni nzuri pia. Kabla hujatoka, angalia kama lifti inafanya kazi.

Pesa. Aliyeanza kuugua baada ya umri wa pensheni hupewa Attendance Allowance, posho ya serikali kwa mzee anayehitaji msaada, na hiyo haina fungu la usafiri, kwa hiyo msidanganywe kwamba serikali itawapa skuta. Familia zichangishane. Kabla ya kununua ulizeni mtailaza wapi, kwa sababu wenye majengo wengi hawaruhusu iwekwe kwenye korido, wanahofia moto. Wakati wa baridi betri huchoka mapema, msiende mbali.

Na aibu. Nilitaka kulisema kwa kirefu, muda hautoshi. Wazee wetu wanakaa ndani miezi, goti limekufa, sukari imekula miguu, lakini skuta hawataki, kwa sababu siku Fulani aliposimama dukani kuchukua mchele rafuni, watu wakasema, "Kumbe mzima!" Wengi wetu tunaweza kusimama. Tunaweza hata hatua chache. Ile nguvu kidogo tunaitunza kwa ajili ya bafuni na jikoni. Anayecheka ndiye aliyemfungia yule mzee ndani.

Vijana wa nyuma, karatasi iko mezani karibu na mlango. Nataka watu wanne kila Ijumaa, wawili kila kona, kuanzia saa sita na nusu hadi watu waishe kutoka. Koti za kuakisi mwanga zipo. Msigombane na mtu. Simameni juu ya vigae vyekundu, gari likija muonyesheni uwanja wa nyuma wa shule, tumeshapewa ruhusa kuegesha pale. Andikeni jina na namba ya simu inayosomeka.