Nguzo iliyoachwa wazi: ndani ya The Rookery, Chicago

Assalamu alaykum jamaa zangu. Leo nipo mtaa wa LaSalle, Chicago, baridi imenishika mpaka vidole, lakini jengo hili nimelitamani kuwaonesha tangu mwaka jana. Linaitwa The Rookery. Lilimalizwa mwaka 1888, orofa 11. Kwa leo ni fupi, najua, lakini zama zile watu walisimama njiani kulitazama. Ardhi ya hapa ni udongo laini, basi Root, mmoja wa wasanifu wake wawili, alilaza vyuma vya reli, safu juu ya safu, zikipishana, akavimiminia zege. Huo ndio msingi. Umebeba mpaka leo.

Haya, ingieni nami.

Subhanallah. Tazameni juu! Paa lote kioo, mwanga unashuka mpaka sakafuni. Burnham na Root walitaka ofisi za ndani nazo zipate jua, kwani umeme ulikuwa ndio kwanza unaanza. Mwaka 1905 akaja msanifu mwingine, Frank Lloyd Wright, akazivisha nguzo marumaru nyeupe zilizochongwa na kutiwa dhahabu. Halafu miaka ya 1940 kioo kikapakwa lami, ukumbi ukawa giza kwa miongo. Mafundi waliokuja kulirejesha jengo, kazi iliyokwisha 1992, ndio walioufungulia tena mwanga huu mnaouona.

Sasa njooni hapa, nasogeza kamera. Nguzo hii wameiacha wazi makusudi. Marumaru ya Wright imeondolewa kipande, na ndani yake, mnaona? Chuma cha Root, na nakshi zake vilevile. Wangeweza kuziba. Hawakuziba. Mimi hapa ndipo nilipopapenda kuliko kote.

Nikaikumbuka Beit al-Ajaib yetu kule Zanzibar. Ilijengwa 1883, miaka mitano tu kabla ya hili, nayo ina nguzo za chuma. Utotoni tukizikumbatia, mikono haikutani. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye matengenezo, sehemu ikaporomoka na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Siku ile nililia simu ikiwa mkononi, nyumbani kote wanazungumza kwa pamoja.

Kwa hiyo naomba kitu. Mama, Ijumaa ukipita Forodhani, nipigie picha zile nguzo, karibu kabisa, kama hivi. Nataka nione chuma chake kiko vipi.