Unganisha ukoo: Derek Shepherd na Jack Shephard

Haya, sogeeni mezani. Hapa nina karatasi ya manila, kalamu nyeusi, kalamu nyekundu, na madaktari wawili wa Marekani ambao hawajawahi kuonana: Derek Shepherd wa Grey's Anatomy na Jack Shephard wa Lost. Wote wapasuaji, Derek wa ubongo, Jack wa uti wa mgongo. Tamthilia zote mbili zilirushwa na ABC, kituo cha televisheni cha Marekani. Lost ilianza Septemba 2004, Grey's Anatomy Machi 2005. Mchezo ni kuwatungia undugu: video ikiisha watakuwa ndugu wa damu.

Anza na jina la ukoo, si jina la kwanza. Kwetu wajina wakikutana huitana somo, wanacheka, basi. Na jina letu la mwisho mara nyingi ni la babu, kizazi kijacho limeshabadilika. La Mmarekani hushuka tangu kwa babu wa babu, kwa hiyo lina ushahidi ndani yake. Akina Smith waacheni, wamejaa mno.

Najua mmeshaona: mmoja ana "e" pale mwingine ana "a". Sasa wewe huna ndugu ambaye cheti chake kinasema Mohamed na cha mdogo wake Muhamad, baba mmoja mama mmoja? Karani aliandika alivyosikia. Msiifute hiyo tofauti, tutaitumia.

Shika kalamu nyeusi. Nyeusi ni kwa yale tu yaliyoonekana kwenye tamthilia. Kushoto andika: Derek, ametoka New York, mtoto wa kiume peke yake kati ya dada wanne. Baba yake alikuwa na duka, akauawa na wezi, Derek na mdogo wake Amelia wakiwa humohumo dukani. Kulia: Jack, Los Angeles. Baba yake Christian, mpasuaji na mlevi, alifia Sydney. Jack akaenda kuichukua maiti, na ndege aliyorudi nayo ikaanguka. Juu ya Christian weka babu, Ray, tuliyemkuta kwenye nyumba ya wazee.

Simamisha video, uandike.

Tayari? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachora mstari kati ya majina mawili wanashangilia. Ukifanya hivyo mtazamaji mmoja tu atakuuliza: Jack alipookoka alionyeshwa kwenye televisheni nchi nzima, mbona Derek hakusema "yule ni ndugu yangu"? Huna jibu. Undugu unaoutunga lazima ueleze pia kwa nini haujawahi kutajwa.

Kwa hiyo tafuta siri. Rudi kwa Christian: alikuwa na binti wa nje kule Australia, Claire, ambaye alipanda ndege ileile na Jack bila wao kujuana. Maji hufuata mkondo. Christian tabia hii aliitoa wapi?

Sasa nyekundu, ya yale tunayoyatunga wenyewe. Toka kwa Ray, vuta mstari hadi New York: mtoto wa ujanani, kabla ya ndoa. Mama alilitaja jina la baba, karani akaandika anavyojua, "a" ikawa "e". Mtoto akakua, akafungua duka, akazaa Derek na dada zake, akauawa kabla hajawasimulia. Mstari mmoja tu, na kimya chote kimeelezeka.

Msiandike binamu, tafadhali. Hawa ni mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo, yaani ndugu. Claire naye anakuwa dada yake Amelia, na hilo sikulipanga, limejileta lenyewe.

Jaribu mstari wako kwa kurudia tamthilia. Mimi nilirudi hadi mwisho wa msimu wa 8 wa Grey's Anatomy, mwaka 2012, Derek naye anaanguka na ndege, mkono wake wa kupasulia unaumia. Ukoo huu na ndege haupatani kabisa.

Zoezi lenu: daktari Preston Burke wa Grey's Anatomy na daktari Juliet Burke wa Lost. Angalieni mtego: Juliet aliolewa wakaachana, jina ni la mumewe wa zamani, Edmund. Kwa hiyo aliyetakiwa kuhojiwa ni Edmund, na Edmund aligongwa na basi.