Barabara ya Ujiji ni ya nani sasa?

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo. Leo naongelea hii barabara inayotutoa mjini Kigoma, unapanda Lumumba mpaka Mwanga halafu unashuka Ujiji, ile ukiipita na bajaji jioni unafika umechoka utadhani umetoka Kasulu.

Ujiji ndo ulikuwa mwisho wa haiwei ya zamani, njia ya misafara, Bagamoyo, Tabora, Uvinza mpaka ziwani. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika 1858, mwenzao Stanley akamkuta Livingstone hapahapa 1871, ila hao walikuwa wapitaji tu jamani, wenye njia ni wapagazi, Wanyamwezi wengi, na pembe za ndovu mabegani, na watumwa kwenye minyororo, na hilo tusilifiche nyuma ya miembe mizuri. Kumbukeni kitu kimoja, karibu kila aliyepita njia ile alipita kwa miguu.

Reli ikaja 1914, ikaishia Kigoma, maana ghuba ya huku ina kina, meli inasogea, kule Ujiji maji ni mafupi. Mizigo ikahama. Ujiji ukabaki na misikiti yake na watu wake, taratibu nyumba zikajaa katikati ya Kigoma na Ujiji mpaka hujui Mwanga inaishia wapi.

Sasa barabara ya safari inataka gari lisisimame, barabara ya mtaani kila baada ya nyumba tatu kuna mtu anashuka, anaingia, anatoka, na kazi zote mbili tumeipa lami moja. Nendeni Mwanga mkaangalie: mama kaweka beseni la samaki, migebuka, ukingoni, mawese yamo kwenye chupa za maji, daladala inasimama palepale kwa sababu abiria wako palepale, bodaboda anachomoka kushoto, mtoto wa shule anatembea juu ya ukingo wa mtaro maana hana pengine pa kukanyaga. Halafu tunasema mama ndo anaziba njia! Mi sikubali. Yeye kafuata wateja, na wateja wake wanatembea.

Wengine mnasema ipanuliwe. Sheria ya Barabara ya 2007 inazipa barabara kuu na za mkoa hifadhi ya barabara, yaani eneo lisilojengwa, ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Porini Uvinza sawa kabisa, ila pima mita 30 hapa Ujiji uone, unapita sebuleni unatokea jikoni kwa watu, na X nyekundu ya kubomolewa ukutani sio mchezo.

Mi ningeanza na njia ya miguu yenye kingo, vituo vya daladala vilivyoingia pembeni, vivuko vilivyoinuliwa, na ile spidi 50 ya kwenye makazi isimamiwe kweli. Magari yatachelewa? Yachelewe. Mwenye haraka ya Kasulu au Uvinza njia yake ya Mwandiga na Kidahwe ipo, hana sababu ya kupitisha lori mbele ya shule. Haya, maswali, tuanze na mama pale nyuma.