Wino Haufutiki: Rembrandt na Mwana Mpotevu

Asanteni kwa kuja. Walio nyuma wasogee mbele, maana picha ya leo ni ndogo. Hapa ukutani tumeikuza, lakini karatasi yenyewe ina kimo cha sentimita 19 na upana usiofika 23. Inatunzwa Teylers Museum, mjini Haarlem, Uholanzi. Rembrandt, mchoraji Mholanzi, aliichora yapata mwaka 1642, mwaka aliofiwa na mkewe, Saskia.

Kisa cha mwana mpotevu katika Biblia mnakijua. Kijana alidai urithi wake baba angali hai, akautapanya ugenini, akarudi mikono mitupu. Rembrandt hakuchora karamu wala ndama aliyenona. Alishika ile dakika ya kukutana: mtoto amepiga magoti, baba amemwinamia, vichwa vimegusana.

Sasa tazameni hapa mezani. Huu ni mwanzi niliouchonga jana kwa kisu. Kidauni mna masizi ya jikoni, maji na gundi ya mgunga. Wachoraji wa Ulaya wa enzi ya Baroko, yaani karne ya 17 hivi, walitumia unyoya wa bata bukini, lakini Rembrandt aliupenda sana mwanzi pia, hasa alipokuwa mtu mzima. Wazee wetu wa pwani nao walinakili tenzi kwa kalamu ya mwanzi, kwa hiyo chombo hiki si kigeni kwetu.

Napiga mstari mmoja. Mnauona? Umeanza mnene, umefifia, mwishoni unakwaruza karatasi tu. Na hapa hakuna kufuta. Mkaa unakuvumilia, unaupangusa kwa kidole ukaanza upya. Wino hauna subira hiyo: mkono ukisita, kusita kunabaki pale kwa miaka 380.

Ndiyo maana naipenda michoro hii kuliko picha nyingi zilizokamilika. Rudini ukutani. Nguo ni mistari michache ya haraka. Vivuli amevipaka kwa burashi, kwa wino uliozimuliwa kwa maji, na sehemu kubwa ya mwanga ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Hapa unamkuta mtu akiwa bado anafikiri.

Wengi hudhani kila mchoro wa namna hii ni maandalizi ya picha ya rangi. Kwa Rembrandt mara nyingi sivyo. Alichora visa vya Biblia ili avielewe, kama mtu anayesoma aya kwa sauti mara ya tano. Kisa hiki alikwisha kukichonga kwenye bamba la shaba mwaka 1636. Humo pana pilikapilika: watumishi wanaleta nguo na viatu, mtu anafungua dirisha achungulie. Miaka mingi baadaye, karibu na kifo chake mwaka 1669, alikirudia kwa rangi kwenye turubai la zaidi ya mita mbili na nusu, ambalo leo liko kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg, Urusi. Humo pilikapilika zimekwisha. Waliopo wamesimama kimya. Mtoto amenyolewa kichwa, kiatu kimoja kimemvuka, na unyayo umetuelekea sisi. Mikono miwili ya baba imetulia mgongoni mwake, na haifanani: mmoja mpana, mwingine mwembamba.

Kati ya hizo mbili ndipo ilipo karatasi yetu. Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika. Orodha ya mali zake ilitaja vitabu vingi vilivyojaa michoro, na vyote vikauzwa. Inaniuma kila nikifikiria: fikra za miaka mingi zinapigwa mnada ili kulipa deni. Lakini mkono ulikwisha kujifunza jinsi mzee anavyoinama anapompokea mwanawe, na hilo hakuna dalali wa kulinadi.

Maneno yangu yanatosha. Mwanzi uko hapa, kidau kimejaa, karatasi nimeleta za kutosha. Anayetaka kujaribu mgongo wa baba aje. Mstari mmoja tu, bila penseli.