Kunguni wa Kitanda: Kupima Siasa na Dini kwa Matokeo Yake

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum. Na wale ambao salamu hizo hazikuwafikia, hamjambo? Wazee wangu, shikamooni.

Mmeitikia wote, na hakuna aliyenuna. Nawashukuru. Salamu hizi tatu kwa mpigo tunazisikia kila mahali hapa Mbeya, msibani, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye mahafali ya watoto, mpaka tumeacha kuziona. Lakini zitazameni vizuri. Hakuna baraza la mashehe na maaskofu lililokaa likapatana kwanza juu ya habari za Mungu ndipo tukaruhusiwa kusalimiana hivi. Mambo makubwa tunayotofautiana yako palepale. Watu waliona tu kwamba jirani anapofiwa, kaburi linachimbwa na wa dini zote, na mchimba kaburi mwenzako huwezi kumnyima salamu. Salamu ikabaki kwa sababu ya kazi inayofanya.

Mada niliyopewa inataja fikra za kipragmatiki katika siasa, dini na maisha ya umma. Neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, pragma, yaani tendo, jambo linalofanyika. Wengine huandika pragmatizimu. Mimi leo nitasema kupima kwa matokeo, tuelewane mapema.

Walioifanya fikra hii kuwa falsafa ni Wamarekani. Charles Peirce aliandika makala mwaka 1878 akisema, kwa maneno yangu mimi, ukitaka kujua wazo lako lina maana gani, uliza litaleta tofauti gani katika matendo. Wazo lisiloleta tofauti yoyote halijasema kitu. Rafiki yake William James akalitangaza wazo hilo kwa mihadhara yake ya Boston na New York, mwaka 1906 na 1907, na ndipo dunia ikalijua. Wa tatu ni John Dewey, aliyeishi hadi 1952. Huyo nitamrudia, maana ndiye aliyeniletea mnachokisikia leo.

Sasa hapa kwetu neno hili limepata bahati mbaya. Mtu akihama chama usiku, asubuhi anasema ameangalia hali halisi. Kiongozi akitaka wananchi wanyamaze, anawaambia tuwe wahalisia. Ikawa kana kwamba kupima kwa matokeo maana yake ni kufuata upepo, au ni ile "funika kombe mwanaharamu apite". Ndugu zangu, sivyo hata kidogo. Mwenye kufuata upepo hapimi chochote, anatafuta kivuli. Anayepima kwa matokeo amekubali jambo gumu: kwamba anachokiamini kinaweza kuletewa shahidi, na shahidi huyo akakishinda.

Na hapo ndipo Peirce na James walipoachana. James alisema imani ikimfaa mtu, ikimpa nguvu ya kuishi, hilo nalo ni ushahidi kwamba ina ukweli. Peirce akaona wazo lake limepotoshwa. Kwake yeye ukweli haupimwi kwa raha ya mtu mmoja, unapimwa na jamii nzima ya wanaochunguza, kwa muda mrefu. Mwaka 1905 aliibadilishia fikra yake jina, akaipa jina refu lenye sura mbaya makusudi, akasema ni baya kiasi kwamba wezi wa watoto hawatalitamani. Mgogoro huo wa marafiki wawili si wa maktaba. Mimi niliuona nyumbani kwetu.

Mwaka 2011 mnakumbuka Samunge, kule Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa maelfu, foleni ya magari ikawa haionekani mwisho. Shangazi yangu alikuwa na kisukari. Alipanda gari kutoka hapa mjini na wenzake, wakalala njiani, akanywa, akarudi. Nilimpokea mwenyewe. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu afiwe na mumewe. Alikuwa anaimba jikoni. Vidonge vyake alivifunga kwenye mfuko wa nailoni akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akasema hivyo ni vya ushahidi.

Kwa James, shangazi alikuwa na ushahidi wa kutosha: amani aliipata, na amani ile ilikuwa ya kweli, sikubali mtu aniambie haikuwapo. Lakini sukari yake nayo ilikuwa ya kweli. Wiki chache baadaye alianguka kwenye ngazi za nyumba.

Aliyemwokoa ni mchungaji wake. Hakumdhihaki Babu, wala hakumdhihaki shangazi. Jumapili iliyofuata alisimama akasoma Mathayo 7, "Mtawatambua kwa matunda yao," kisha akasema kwa upole: aliyekunywa kikombe amshukuru Mungu, halafu Jumatatu aende zahanati akapime, na dawa asiache mpaka daktari aone vipimo. Ndugu zetu Waislamu wana mafundisho hayohayo katika habari ya yule Bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia bila kamba na kumtegemea Mungu. Akajibiwa, mfunge, kisha tegemea. Shangazi alivitungua vidonge kutoka kwenye msumari. Aliishi miaka mingine 6, na hadi anatutoka aliamini kile kikombe kilimsaidia. Sikuwahi kumbishia. Lakini kilichopimwa zahanati hakikuwa imani yake, kilikuwa damu yake, na yule mchungaji alijua kutofautisha vipimo hivyo viwili.

Sasa nimlete Dewey. Mwaka 1927 aliandika kwamba avaaye kiatu ndiye ajuaye kinambana wapi, hata kama fundi ndiye ajuaye namna ya kukirekebisha. Niliposoma hapo nilicheka kwa furaha, maana bibi zetu walishasema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hili ndilo neno langu moja la leo. Tunasema tupime kwa matokeo. Sawa. Matokeo yana mwenyewe. Kuna mtu yanayemwangukia. Kama huyo hajaulizwa, hujapima kitu, umejisifu tu.

Twende Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji Litowa, nje ya Songea. Hawakutumwa na mtu. Walishindwa mwanzoni, wakajifunza, vijiji vingine vikawafuata, wakaunda chama cha maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao, mashine yao ya kusaga, na maamuzi yao waliyafanya kwenye mkutano, wanawake wakiwamo. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao sana. Ujamaa vijijini kwa sehemu kubwa aliuona kwao kabla haujaandikwa kuwa sera. Septemba 1969, chama tawala, yaani TANU hiyohiyo, kikaamua kuivunja jumuiya ile na mali zake zikachukuliwa. Mkasa huu unaniuma kila ninapousimulia. Kama ni matokeo, yalikuwapo, mtu angeweza kuyashika kwa mkono: mahindi ghalani, watoto darasani. Kilichokosekana kilikuwa idhini ya waliotaka kila kitu kipite mikononi mwao.

Miaka 2 baadaye, tarehe 25 Desemba 1971, ilikuwa Isimani, Iringa. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, msomi, mtu aliyeamini kwa dhati sera ya ujamaa vijijini aliyotumwa kuisimamia, alikwenda shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi siku ile ya Krismasi. Walibishana, na mkulima akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaupeleka mwenyewe polisi na kujisalimisha. Alihukumiwa kifo, akanyongwa. Sisimami hapa kutetea mauaji. Familia mbili ziliachwa na vilio. Ninachosema ni kwamba wanaume wawili wenye akili timamu walifika mahali ambapo hapakuwa tena na njia ya mmoja kumwambia mwenzake kiatu kinambana wapi, mwingine akasikia.

Mwaka 1973 kuhamia vijiji vya pamoja kukawa amri. Hata hapo lazima tuseme yote. Shule zilijengwa, zahanati zikasogea, mabomba yakafika mahali ambapo yasingefika. Na pia nyumba ziliachwa, mashamba yakabaki mbali na wenyewe, miaka ya 1974 na 1975 ikawa ya njaa, ukame nao ukichangia. Serikali za mitaa zilikuwa zimeshafutwa mwaka 1972, na vyama vya ushirika vikafutwa 1976. Yaani vile vyombo ambavyo vingepeleka juu habari za kunguni viliondolewa wakati uleule kitanda kilipokuwa kinabadilishwa.

Lakini mtazameni Mwalimu. Mwaka 1984, bado yuko madarakani, aliulizwa katika mahojiano kama angeanza upya angefanya nini tofauti, na akataja mambo hayohayo mawili, kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika, kwamba asingeyarudia. Yalikuwa yameanza kurudishwa tayari kwa sheria za mwaka 1982. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kiongozi anayefikiri kwa matokeo. Misingi yake hakuiacha. Aliamini usawa wa binadamu mpaka mwisho. Alichokubali ni kwamba njia aliyoichagua iliumiza walewale aliotaka kuwainua. Viongozi wangapi mnawajua wanaosema hivyo wakiwa bado kwenye kiti?

Reli yetu ya TAZARA naigusa tu, maana mtaniuliza. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kuigharamia. Nyerere Mkatoliki na Kaunda wa Zambia, mtoto wa mchungaji, wakaenda kwa Mao wa China, Mkomunisti. Kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilijengwa kati ya 1970 na 1975. Zambia ilihitaji njia ya shaba yake isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, basi. Hawakubadili dini na Wachina hawakuwadai wabadili. Huo ndio uhalisia ninaouheshimu, wenye lengo linaloweza kutajwa mchana kweupe.

Nimalizie na la sasa, la huku kwetu: lumbesa.

Anayelima viazi mviringo Umalila hahitaji kuelezwa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kipande cha gunia jingine juu, linashindiliwa, linashonwa kwa kamba hadi linakuwa na kichwa kama mtu aliyejitwika. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo iko wazi, mazao yasifungashwe zaidi ya kilo 100. Kila msimu kiongozi anatangaza marufuku, na kila msimu Fuso zinashuka kutoka milimani na vichwa vyake.

Kwa nini? Kwa sababu tangazo linapimwa kwa jinsi lilivyotangazwa. Diwani ataandika kwenye taarifa kwamba wananchi wameelimishwa. Lakini mkulima mwenye viazi vimeshachimbwa, vikikaa sana vinaharibika, na mnunuzi aliye mbele yake ni mmoja, akimkatalia lumbesa jioni ile atalala na viazi vyake. Aliyeandika marufuku hakulalia kitanda hicho.

Nilikuwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja huko juu, nimealikwa tu, nimekaa kwenye benchi la nyuma. Mtendaji alisoma tena agizo la lumbesa. Mama mmoja akasimama, kanga kiunoni, udongo bado uko kwenye vidole vya miguu. Akasema, "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Sheria inasema kilo 100. Kilo 100 mimi nitazijuaje? Kijiji hiki kina mizani wapi?" Akaketi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Agizo lilikuwa limesomwa kijijini pale miaka mingapi, na hakuna aliyewahi kuuliza linapimwa na nini.

Mzee wa kanisa ndiye aliyejibu. Alisema kanisani ipo mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa, wanayopimia sadaka ya mavuno. Walibishana kidogo kama chombo cha madhabahuni kitumike sokoni. Yule mzee akasema sadaka inatoka kwenye viazi hivihivi. Asubuhi yake mizani ilifungwa kwenye tawi la mti karibu na mahali magari yanapopakia. Wanunuzi wawili waligeuza magari wakaenda kijiji cha pili. Mmoja alibaki, labda kwa sababu gari lake lilikuwa limeshajaa nusu. Makuli wakaliinua gunia la yule mama, la lumbesa kama kawaida, wakalitundika. Mshale ukapita 100, ukatetemeka, ukasimama karibu na 140.

Yule mama alisogea, akausoma mwenyewe, kisha akaanza kuikata kamba ya kichwa.